Kabla ya kupandisha boma, pandisha mkono mkutanoni

Ukitaka serikali ishirikiane na kijiji chako kupunguza umaskini, anzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nimekaa kwenye halmashauri ya kijiji, nimeona mipango ikipita na mingine ikikwama, na mara nyingi tofauti ilikuwa nani alihudhuria. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano huo wa wakazi wote waliotimiza miaka 18 ndio wenye mamlaka ya juu kijijini.

Chukua TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini, wananchi wenyewe ndio wanaotaja kaya zenye hali ngumu, kisha majina yanaletwa mbele ya mkutano. Kwetu, jina la bibi mmoja anayelea wajukuu halikutajwa. Nyumba yake iko ng'ambo ya korongo na hana wa kumsemea. Jirani yake akasimama akaeleza: bibi hana shamba, anaishi kwa vibarua vya kupalilia. Watu wakakubali, jina likaandikwa. Afisa wa wilayani angelijuaje hilo? Kwa hiyo nenda, na kama una jirani asiyeweza kutembea, msemee.

Kinachoniuma zaidi ni maboma, yaani kuta za madarasa zisizoezekwa. Wananchi wanafyatua matofali, wanasomba mchanga na maji, wanapandisha kuta hadi kwenye lenta, halafu wanasubiri halmashauri ya wilaya ije kuezeka. Masika yanapita, mengine yanapita, matofali ya juu yanaanza kumumunyuka. Mtu maskini ametoa mchango na siku zake za kulima, na darasa hakuna. Huo si ushirikiano, upande mmoja umebeba kila kitu. Msianze msingi kabla mhandisi wa halmashauri hajafika kuona eneo, na mradi uwe umeingia kwenye mpango wa kijiji na kupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wahini mapema: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ahadi ya jukwaani isiyo kwenye bajeti haiezeki hata chumba kimoja.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), haina riba, ila msiunde kikundi kwa ajili yake tu. Anzeni kuweka na kukopa wenyewe, mjuane nani analipa, ndipo mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vikundi vilivyokutana kwenye karatasi pekee nimeviona vikisambaratika siku hela ilipoingia.

Na taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa, usikubali jumla peke yake. Uliza mchango wenu ulinunua mifuko mingapi ya saruji, stakabadhi ziko wapi, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.