Kipimo cha ANA kimekuwa chanya: je, nina lupasi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 31. Kwa miezi minne sasa ninaumwa na vidole na magoti, na uchovu haunitoki hata nikilala usiku kucha. Nilipimwa kipimo kinachoitwa ANA, majibu yakaandikwa kuwa ni chanya, 1:80. Aliyenikabidhi majibu alisema hiyo ni lupasi na kwamba nianze prednisoloni mara moja. Je, ni kweli ninao ugonjwa huo? Umetokana na nini, na je, nianze kumeza dawa?

JIBU: Marahaba. Kwa kipimo hicho peke yake hakuna awezaye kusema kwamba una lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, na aliyekwambia hivyo alikwenda mbali kuliko karatasi aliyoishika.

ANA ni kingamwili zinazolenga vitu vilivyomo ndani ya viini vya seli za mwili wenyewe. Namba 1:80 ina maana kwamba seramu yako (maji ya damu) ilizimuliwa mara 80 na kingamwili hizo bado zikaonekana. Zikionekana hata baada ya kuzimuliwa mara 640 au zaidi, jibu huwa na uzito mkubwa zaidi. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba kingamwili hizi hupatikana pia kwa watu wazima kabisa wa afya: takriban 13 kati ya kila 100 huwa chanya kwenye 1:80, na takriban watano kwenye 1:160. Chukua watu 1,000 wa kawaida, bila kuwachagua, uwapime wote. Wapatao 130 watapata jibu kama lako, ilhali mwenye lupasi kati yao huenda akawa mmoja, au asiwepo hata mmoja. Tena ANA hupanda kwa sababu nyingine, kama vile ugonjwa wa tezi ya thairoidi, maambukizi ya muda mrefu, umri mkubwa, na hata baadhi ya dawa, zikiwemo haidralazini ya shinikizo la damu na isoniazidi ya kifua kikuu. Kwa hiyo kipimo hiki kina nguvu zaidi kinapokuwa hasi kuliko kinapokuwa chanya: kwa kuwa zaidi ya asilimia 95 ya wenye lupasi huwa chanya, jibu hasi karibu linauondoa ugonjwa huo katika hesabu.

Vigezo vya lupasi vya mwaka 2019 vilivyokubaliwa na wataalamu wa baridi yabisi wa Ulaya na Marekani vinaliweka jambo hili wazi. ANA ya 1:80 ni mlango wa kuingilia tu na haipewi alama hata moja. Alama hutokana na dalili na vipimo vingine, na hutakiwa zifike 10. Vigezo hivyo vilitungwa kwa ajili ya utafiti, wala si sheria ya chumba cha daktari, lakini mpangilio wake ndio mpangilio sahihi wa kufikiri.

Ndiyo maana daktari atakuuliza mambo ambayo maabara haiwezi kuyajibu. Je, viungo vinavimba, au vinauma tu? Asubuhi vinakakamaa kwa muda gani: dakika tano, au zaidi ya nusu saa? Umewahi kuota upele mashavuni na juu ya pua, hasa baada ya kukaa juani? (Kwenye ngozi nyeusi upele huo mara nyingi hauwi mwekundu kama picha za vitabuni zinavyoonyesha, huwa wa zambarau au mweusi zaidi ya ngozi, nao hupita bila kutambuliwa.) Una vidonda vya mdomoni visivyouma, nywele zinazokatika, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, au mimba zilizoharibika?

Kisha vipimo. Ningeanza na mkojo, ambao ni rahisi kuupima na mara nyingi husahauliwa. Lupasi inaweza kuishambulia figo bila maumivu yoyote, na protini au damu kwenye mkojo ndiyo ishara ya mapema. Pamoja nao, pimwa utendaji wa figo na picha kamili ya damu, kwa sababu lupasi hupunguza chembe nyeupe, chembe sahani na wekundu wa damu. Kingamwili dhidi ya DNA na dhidi ya Smith (protini za ndani ya kiini cha seli) huonekana mara chache sana kwa asiye na lupasi, na kushuka kwa C3 na C4, ambazo ni protini za kinga katika damu, huongeza mashaka. Kwa maumivu ya vidole, kingamwili za anti-CCP ni za lazima, kwani huelekeza kwenye baridi yabisi. Usisahau tezi ya thairoidi: inapofanya kazi chini ya kiwango huleta uchovu na maumivu kama yako, na maelezo haya ya kawaida hupaswa kutafutwa kabla ya yale adimu.

Kuhusu chanzo, hakuna kosa ulilolifanya. Magonjwa haya huanza pale jeni za kurithi zinapokutana na kichocheo, na kinga ikapoteza uwezo wa kutofautisha mwili na mgeni. Kwa lupasi, mwanga wa jua ni kichocheo kinachojulikana vyema, na takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake. Kwa baridi yabisi ni uvutaji wa sigara. Hata hivyo, pacha wa kufanana wa mgonjwa wa lupasi mara nyingi haupati ugonjwa huo, kwa hiyo jeni pekee hazitoshi. Haya si maradhi ya kuambukiza.

Matibabu hutegemea jina la ugonjwa, na hapo ndipo haraka ya prednisoloni inapokuwa hatari. Thairoidi iliyoharibiwa hutibiwa kwa kurudisha homoni iliyokosekana, kama mwenye kisukari cha aina ya kwanza anavyopewa insulini, kinga haiguswi. Baridi yabisi hutibiwa zaidi kwa methotreksati, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu, na haifai kabisa kwa mjamzito. Lupasi karibu yote hutibiwa kwa haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini iliyotumika zamani kwa malaria, isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, pamoja na uchunguzi wa macho mwanzoni, na kila mwaka kuanzia mwaka wa tano.

Steroidi, kundi ambalo prednisoloni imo, ni dawa kubwa; ugunduzi wake katika tiba ulistahili Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950, nami huziandika mara kwa mara. Lakini zikianza kabla ya uchunguzi huzima dalili zile zile ambazo daktari alihitaji kuziona, huku zikipandisha sukari na shinikizo la damu, zikidhoofisha mifupa, na kuweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Usianze. Usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, endapo mkojo utatoa povu jingi, uso au miguu itavimba, kifua kitabana, au utapatwa na kuchanganyikiwa au degedege.

Na kama ulikwisha kuzianza, tena zimepita wiki kadhaa, usiziache ghafla, kwa kuwa tezi za adrenali zilizo juu ya figo huwa zimelala na huhitaji muda kuamka. Zibebe, pamoja na karatasi ya majibu, umwonyeshe daktari atakayekupima. Yeye ndiye atakayezipunguza kidogo kidogo.