Kabla hujapanda Tully Mountain

Wengi wanaofika Letterfrack, magharibi mwa Ireland, huenda moja kwa moja kwenye kilima cha Diamond Hill. Siwalaumu, njia yake imetengenezwa vizuri na si rahisi kupotea. Lakini ukitaka kubaki wewe na bahari tu, elekea rasi ya Renvyle, kilometa chache kutoka hapo, ukapande Tully Mountain.

Ni kilima cha mita 356. Usikidharau kwa namba hiyo. Hakuna vibao wala njia iliyowekewa alama, na sehemu kubwa unakanyaga udongo mweusi ulioshiba maji, ule ambao wenyeji huukata vipande, wakauanika na kuuwasha kama kuni. Mara ya kwanza nilivaa raba. Mguu ulizama karibu na goti, na baridi iliniuma vidole mpaka nilipoteremka. Siku hizi navaa buti linalofunika kifundo, tena nakanyaga penye mawe na majani magumu. Ukiona kijani kibichi kinachong'aa, kinachopendeza macho, zunguka; chini yake ni maji.

Upepo wa Atlantiki huleta ukungu ghafla. Nimewahi kugeuka kilele kikiwa karibu kabisa, na hata leo ningegeuka. Beba ramani, dira na koti la mvua, hata kama asubuhi jua linawaka. Likikufika la kukufika, piga 112 uombe waokoaji wa milimani.

Hili nalisisitiza kuliko yote: ardhi ile ina wenyewe. Nchini Ireland sheria haikupi ruhusa ya kukatiza mashamba upendavyo. Unapita kwa hisani ya wafugaji. Ukimkuta mtu, msalimie kwanza, kisha muulize upitie wapi. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Mbwa abaki nyumbani, maana kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuiharibu, na hiyo ni riziki ya mtu.

Kule juu, tafuta jiwe la kukukinga na upepo, umimine chai. Mbele yako baharini ni visiwa vya Inishbofin, Inishturk na Clare Island. Ng'ambo ya ghuba ya Killary umesimama Mweelrea, mita 814, mrefu kuliko milima yote ya Connacht, jimbo la magharibi mwa Ireland. Mwezi wa Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, kwa hiyo usiharakishe kushuka.