Mzunguko wa Fairfield bila gari

Ndugu yangu, umeuliza kama mzunguko wa mlima Fairfield, njia ya kutembea kwa miguu kule Lake District, Uingereza, unamalizika kwa siku moja bila gari. Unamalizika kabisa. Anzia mji wa Ambleside asubuhi na mapema, panda vilima vya Low Pike na High Pike, kisha fuata mgongo wa vilima hadi kilele cha Fairfield, mita 873. Mzunguko mzima ni kama kilomita 16 hivi. Ukungu ukishuka pale juu, tafadhali chunga: ni tambarare, njia hupotea, na upande wa kaskazini kuna magenge ya miamba. Beba ramani ya karatasi na dira. Rudi kwa kupitia vilele vya Great Rigg na Heron Pike. Ziwa Grasmere linakuwa kuliani, ziwa Windermere mbele yako. Kipande hicho nakipenda mno! Mteremko wa mwisho kuingia kijiji cha Rydal ni mkali kwa magoti.