Maswali yenu kuhusu The Raid 2: Mad Dog, dakika sita na vumbi la Dodoma

Mbukwenyi wasomaji. Tangu niisifie The Raid 2, filamu ya mapigano ya Indonesia ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Gareth Evans, ujumbe haujakatika kwenye simu yangu. Wengi mmeipata kwenye diski, wengine kwenye flashi. Leo nawajibu baadhi yenu.

Kaka, kibandani kwetu Chang'ombe tumebishana mpaka usiku. Mad Dog, yule muuaji, aliuawa sehemu ya kwanza, The Raid. Mbona sehemu ya pili yupo, tena ana nywele ndefu na ndevu? Kafufukaje?

Hakufufuka. Mwigizaji ni yuleyule, Yayan Ruhian, ila kapewa mtu mwingine wa kuigiza, Prakoso. Najua sisi tumekulia kwenye sheria ya kibandani: steringi hafi, na adui akifa ndiyo basi. Lakini Yayan ni mtu wa pencak silat, sanaa ya mapigano ya Indonesia, wa miaka mingi, na yeye na Iko Uwais, anayeigiza steringi Rama, ni miongoni mwa waliopanga mapigano ya filamu zote mbili. Kumwacha nje ingekuwa hasara.

Irudieni ile sehemu Prakoso amekaa na mkewe waliyetengana. Muuaji yule kavaa kama mtu anayelala barabarani, anauliza habari za mtoto, na hawezi hata kunyanyua macho vizuri. Mkiona hivyo mtajua si Mad Dog. Mad Dog alikuwa hana wa kumuulizia.

Ni lazima nianze na ya kwanza?

Anza nayo. Sehemu ya pili inaanzia saa chache tu baada ya ile ya kwanza kuisha, na ndugu yake Rama utamkuta pale mwanzoni kabisa. Ila kuna jambo linanifurahisha hapa: hadithi ya sehemu ya pili ndiyo iliyotangulia kuandikwa, ikiitwa Berandal. Fedha hazikupatikana za kutosha, Evans akaandika filamu ndogo inayotokea ndani ya jengo moja. Ndiyo The Raid ya mwaka 2011, dakika 101. Ilipopendwa duniani, akairudia Berandal yake.

Mimi niko UDOM. Shemeji kaniletea DVD kutoka Uingereza, ina dakika 144. Mtandaoni wanasema filamu ina dakika 150. Nimekatiwa wapi?

Hujakatiwa popote. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni za mfumo wa PAL, tuliokuwa tukiutumia sisi na Uingereza kabla ya dijitali, huenda picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo DVD ya PAL inaikimbiza filamu kidogo. Piga hesabu: 150 mara 24, gawa kwa 25, unapata 144. Hakuna ngumi iliyopotea, ila sauti za watu zinapanda kidogo. Diski ya Blu-ray haina shida hiyo kwa kuwa inazicheza zile picha 24 kama zilivyo.

Na kabla hujaiweka kwenye deki, angalia namba ndani ya alama ya dunia nyuma ya kava: ndiyo kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa. DVD za Uingereza ni kanda ya 2, Marekani 1, Indonesia 3, na sisi Tanzania tuko kanda ya 5. Deki nyingi za bei ndogo zinazouzwa hapa mjini zinasoma zote. Ikigoma, mrudie fundi au muuzaji akufungulie.

Mwanangu ana miaka 11, anailia kila siku. Nimruhusu? (Mama wa Makole)

Hapana, mama. Kule Uingereza filamu hii imepewa alama ya miaka 18. Kuna mwanamke anayepigana kwa nyundo mbili ndani ya treni, na kamera haigeuki pembeni. Asubiri.

Diski yangu inakwama palepale kwenye gereza la matope.

Vumbi letu hilo, hasa kuanzia Julai upepo unapoanza. Mwaka juzi nilikwangua diski niliyoipenda kwa kuifuta kwa pindo la shati, mzungukomzunguko, na mpaka leo haivuki sehemu ile. Tumia kitambaa laini cha pamba chenye maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Mkwaruzo unaokatiza njia ya data, ile inayozunguka diski, deki huweza kuuruka. Unaofuata njia hiyo ndio unaoua. Na deki ifunikwe.

Nipo Manyoni. Nimezoea zilizotafsiriwa, hii yangu ina Kiindonesia na Kiingereza tu. Nichague ipi?

Kiindonesia, bila kusita. Mimi pia nimelelewa na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, na nitaiheshimu siku zote. Tafsiri ile ni kazi ya mtu mwenye kipaji. Lakini Kiingereza kilichobandikwa juu ya midomo ya watu wa Jakarta hakikupi chochote. Kiindonesia utakishangaa: wanasema dunia kama sisi, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, wakati ni waktu. Ni Kiarabu kilichotufikia sote kupitia bahari moja.

Halafu ufike jikoni. Rama na yule muuaji wa Cecep Arif Rahman wanasimama katikati ya meza za chuma na vigae vyeupe, maneno yamekwisha. Wanaanza mikono mitupu. Baadaye zinatoka kerambit, visu vilivyopinda kama mundu mdogo, vyenye tundu la kupitisha kidole. Ongeza sauti hapo. Utasikia nyayo kwenye vigae, pumzi zao, na chuma kikigusa chuma.