Ukihamia Dubai Kikazi, Usiharakie Nyumba

Mtu wa kwetu akinijulisha kwamba amepata kazi Dubai, nikishampa hongera namuuliza ofisi yake iko karibu na kituo gani cha Metro, treni ya mjini. Wengi hawajui. Wameshaulizia bei za nyumba na dalali ameshawatumia picha, ila hilo la kituo halijawajia. Mimi nimekaa mji huu vya kutosha, na ushauri wangu haubadiliki: usisaini mkataba wa nyumba wa mwaka mzima kabla hujamaliza miezi miwili au mitatu. Panga chumba karibu na treni inayokupeleka kazini, uujue mji kwanza, na fedha zako zibaki mkononi.

Fedha ndilo jambo lenyewe. Ukitoka Sinza au Kinondoni, Dar es Salaam, umezoea kulipa miezi sita na kukabidhiwa ufunguo. Dubai kodi hutajwa kwa mwaka na hulipwa kwa hundi, mara nyingi nne, na zote unaziandika siku ya kusaini, kila moja na tarehe yake. Chukua nyumba ndogo ya dirham 48,000 kwa mwaka. Hundi ya kwanza ni 12,000. Amana ya mwenye nyumba, ambayo kwa desturi ni asilimia 5, ni 2,400. Dalali naye huchukua asilimia 5, 2,400 nyingine. DEWA, shirika la umeme na maji, wanataka amana ya 2,000. Hapo umeshafika 18,800 na ndani hamna hata godoro, wala hujalipia kusajili mkataba kwenye mfumo wa Ejari. Bili zikianza kuja utakuta na ada ya nyumba ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka, imegawanywa mwezi kwa mwezi.

Na hizo hundi huzipati bila akaunti ya benki, akaunti nayo inadai Emirates ID, na kitambulisho hicho kinasubiri upimwe afya na kuchukuliwa alama za vidole. Kwa hiyo njoo na akiba ya kukuvusha mpaka mshahara wa kwanza uingie, maana unaweza kuchelewa.

Kwenye kupanga chumba, Deira, Karama na Satwa ndiko wengi wetu huanzia. Hapo nakuomba uwe mkali. Kumpangisha mtu wa tatu bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba ni kosa kisheria, na mwaka 2025 manispaa ilizifuatilia nyumba zilizokatwakatwa vyumba kwa mbao, zikiwemo za Rigga, Muraqqabat na Satwa. Kabla hujatoa hata dirham moja, uliza kama jina lako litasajiliwa miongoni mwa wakaazi. Gonga ukuta kwa mkono wako. Ukisikia mbao, na chumba hakina dirisha, ondoka hata kama bei ni nzuri, kwa sababu moto ukizuka huna pa kutokea.

Utaambiwa uende Sharjah, mji jirani, kodi ni rahisi. Ni kweli ni rahisi. Lakini Metro haifiki huko, na foleni ya asubuhi ya barabara ya Al Ittihad inakula usingizi wako wa mwaka mzima. Anayefanya kazi upande wa Deira anaweza kuvumilia. Wa Jebel Ali, mwisho wa pili wa Dubai, asijaribu.

Treni yenyewe ni ya kutegemewa. Laini nyekundu ilifunguliwa 2009, inaambaa sehemu kubwa ya Sheikh Zayed Road; ya kijani ikafuata 2011, inazunguka Deira na Bur Dubai, na zinakutana Union na BurJuman. Kwa kadi ya Nol ya kawaida nauli ni dirham 3, 5 au 7.5, kutegemea kanda unazopita. Chumba kikikupendeza, tembea mwenyewe kutoka hapo hadi kituoni, tena saa nane mchana. Nchi yenyewe inapiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Mwendo wa dakika ishirini unaouona mfupi Januari, Julai huuwezi.

Makaratasi nitayataja kwa ufupi. Vyeti vyako vithibitishwe na wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha ubalozi wa Imarati, kabla hujapanda ndege. Ukishafika huku ni usumbufu mtupu. Gharama za viza na kibali cha kazi ni za mwajiri, sheria inasema hivyo, na pasipoti ni yako, hakuna bosi mwenye haki ya kuifungia kwenye droo.

La mwisho ni la nyumbani, na nadhani ndilo linaloumiza wengi. Ukitua tu, ndugu wanajua una dirham. Ada ya shule, paa la shangazi, harusi ya binamu, vyote vinaletwa kwako wakati hata godoro hujanunua. Waambie wazazi kabla ya safari, kwa heshima na bila kuficha, kwamba miezi mitatu ya mwanzo hutatuma kitu isipokuwa kwa ugonjwa. Wakiambiwa mapema wanaelewa. Wakikisia wenyewe wanaumia.

Halafu kuna jambo dogo ambalo watu huligundua wakiwa wameshafika: huku ujumbe wa WhatsApp unapita, lakini kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa. Wengi tunatumia BOTIM. Mwekee mama kwenye simu yake ukiwa bado nyumbani, akae chumba kimoja nawe kingine, mpigiane mpaka aweze kupokea bila kusaidiwa.