Dereva anastaafu, gari ni lake: maswali yenu kuhusu bima

*Nimeendesha malori ya kampuni miaka 31, Mombasa hadi Kigali, bila ajali. Sasa nina Premio yangu, na watu wa bima wanasema sistahili punguzo. Kwa nini? (Tororo)*

Mzee wetu, punguzo la kutodai, yaani la bei kwa asiyeomba fidia, hufuata jina la mwenye bima, na bima ya lori ilikuwa ya tajiri. Mikono ilikuwa yako, karatasi zilikuwa zake. Inauma, ila unaweza kuokoa kitu, na ni rahisi zaidi kabla hujaaga ofisini.

Omba barua yenye muhuri. Itaje tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi, aina za magari, namba ya paamiti (leseni ya udereva) yako, na iseme waziwazi kwamba hukusababisha ajali. Ile ya "alikuwa mfanyakazi mwema" haimsaidii anayepanga bei. Kampuni ya bima hailazimiki kuikubali, lakini bei ya bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako, huzungumzika, na barua kama hiyo ndiyo hoja yako. Mpe dalali wa bima mwenye leseni aipeleke kwa kampuni tatu au nne. Wakala huuzia kampuni yake, dalali hukutafutia sokoni. Baada ya mwaka mmoja bila dai, punguzo huanza kuhesabiwa kwa jina lako. Ukihamia kampuni nyingine ya bima, chukua barua ya kulithibitisha.

*Kwani thadi pati, ile ya kulipa watu wengine tunaowaumiza, peke yake haitoshi? (Masaka)*

Kwa trafiki inatosha. Kwa mfuko wako, hapana. Chini ya sheria ya Uganda ya 1989 hulipa hadi shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Mahakama ikiamua zaidi, unadaiwa wewe, tena ukiwa huna mshahara. Gari lako nalo halilipiwi hata taa.

Kama gari ni la zamani, bima kubwa inaweza kuwa mzigo. Ulizia ile ya kati: thadi pati iliyoongezwa kiwango, pamoja na moto na wizi. Wastaafu wengi huuziwa ncha mbili tu bila kuambiwa kwamba hii ipo.

*Nipunguzeje bei ya bima kubwa? (Jinja)*

Anza na thamani. Tuseme kiwango ni asilimia 4. Gari likiandikwa milioni 30 unalipa 1,200,000. Likiandikwa milioni 22, ambayo ndiyo bei yake sokoni leo, unalipa 880,000, kabla ya kodi na tozo. Likiibwa, kampuni kwa kawaida hulipa bei ya soko, kwa hiyo zile 320,000 za juu zimepotea bure. Usishushe chini ya soko pia, maana utalipwa pungufu.

Kisha soma sehemu utakayobeba mwenyewe kwenye kila dai. Ikiandikwa "asilimia 10, isiyopungua 500,000", matengenezo ya milioni 2 yanakutoa laki tano, si laki mbili. Bei ndogo mara nyingi imejificha hapo. Hapohapo tazama kama kuna kikomo cha umri wa dereva, na ni vioo vya pembeni vingapi hulipwa kwa mwaka.

Lipa kwenye akaunti ya kampuni, usimkabidhi mtu pesa mkononi, na hakikisha tarehe ya paamiti: ikiisha katikati ya mwaka, dai hukwama.

*Nikibeba abiria wa kukodi wikendi tu? (Entebbe)*

Sema mapema. Gari lililoandikwa la binafsi likigonga huku lina abiria wa kulipa, kampuni ina haki ya kukataa dai, na abiria mwenyewe ndiye atakayeeleza polisi kwamba alilipa nauli. Bima ya biashara ni ghali zaidi. Pigia hesabu kama nauli za wikendi zinaifidia.

*Dai langu limekaa miezi, hawajibu. (Mbale)*

Kusanya ripoti ya polisi, ripoti ya mkaguzi wa magari, nakala ya paamiti na barua zote ulizoandika, kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, Kampala. Ina dawati la malalamiko kwa kazi hiyo.