Maswali yenu: ndugu yangu atatoka lini kwenye mashine ya kupumulia?

Shikamoo daktari. Baba ana siku sita ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kwa nimonia. Leo wamesema wanaanza kumpunguzia mashine. Wamemkatia tamaa? (Binti, Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Hapana, ni kinyume chake. Mashine haitibu nimonia. Inampumulia baba wakati antibaotiki na mwili wake vinapambana. Kuanza kumpunguzia kuna maana kwamba ugonjwa umeanza kulegea: presha inasimama bila dawa nyingi, anaweza kuvuta pumzi zake mwenyewe, na oksijeni anayopewa imeshuka hadi kama asilimia 40 (hewa tunayovuta sote ina 21).

Kusitisha matibabu kwa sababu hakuna matumaini ni uamuzi mwingine kabisa, na hapo familia huitwa kuketi na daktari. Ukibaki na shaka, uliza waziwazi: mnamjaribu apumue mwenyewe, au mnasitisha? Una haki ya kujibiwa.

Kwa nini wasimwache mgonjwa kwenye mashine mpaka apone kabisa? Haraka ya nini? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu mashine nayo inadhuru, tena mapema kuliko watu wanavyodhani. Tunapumua kwa kiwambo, msuli mpana ulio chini ya mapafu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliangalia viwambo vya watu ambao ubongo wao ulikuwa umekufa na ambao walikuwa wamepumuliwa na mashine kwa saa 18 hadi 69. Nyuzi za msuli zilikuwa nyembamba kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliokuwa mashineni saa mbili tatu tu za upasuaji. Ni kama mguu uliofungwa POP (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika), ila kiwambo hukonda ndani ya siku chache. Ongeza vijidudu vinavyoteremka mapafuni kandokando ya mrija wa mashine unaopitishwa mdomoni, na dawa za usingizi zinazomwacha mtu akiweweseka.

Kwa hiyo kila asubuhi ICU inapaswa kujiuliza: huyu bado anaihitaji? Na aamshwe ili ajibu kwa mwili wake. Mwaka 2000 madaktari wa Chicago walionyesha kwamba wagonjwa waliosimamishiwa dawa za usingizi kila siku hadi wakazinduka walitoka mashineni zaidi ya siku mbili mapema. Mimi naliona hili kuwa jambo kubwa, kwa sababu halihitaji kifaa kipya. Linahitaji muuguzi wa kukaa karibu na kitanda.

Lakini kuwahi mno nako ni hatari. Hata pale kila kitu kilipoonekana sawa, mgonjwa mmoja hadi wawili kati ya kumi hulazimika kurudishiwa mrija.

Mume wangu amejaribiwa mara mbili, ameshindwa. Ndiyo basi tena? (Mama J., Mwanza)

Siyo basi, dada yangu. Katika jaribio, mashine humwachia karibu kazi yote kwa nusu saa, wakati mwingine hadi saa mbili. Akihema zaidi ya mara 35 kwa dakika, akitoka jasho, moyo ukienda mbio au oksijeni ikishuka, anarudishwa apumzike, na kwa kawaida hujaribiwa tena kesho yake.

Swali la kuwauliza ni hili: nini kilimshinda? Huenda ni makohozi mazito, maji yaliyojaa mwilini, fosfeti au potasiamu (madini ya damuni) iliyopungua, au chakula kisichotosha. Na moyo husahaulika sana. Msukumo wa mashine kifuani huupunguzia moyo mzigo. Ukiondolewa, damu hurudi kwa wingi, na moyo dhaifu huyaacha mapafu yajae maji. Mgonjwa wa namna hiyo anaonekana mapafu yamemshinda, kumbe anahitaji dawa ya kukojoa na matibabu ya moyo.

Wanataka kumtoboa dada yangu shingoni wapitishe mrija hapo. Ataongea tena? (Kaka, Zanzibar)

Wengi huongea. Mrija wa mdomoni hupita katikati ya nyuzi za sauti. Wa shingoni huingia chini yake, hauumizi sana, na dawa za usingizi hupungua. Akipata nguvu, mrija hutolewa, na tundu kwa kawaida hujifunga lenyewe.

Bibi ametolewa mrija jana, analilia maji. Nimpe? (Mjukuu, Dodoma)

Usimpe kwanza. Baada ya mrija, kumeza huvurugika, na maji yanaweza kuingia mapafuni bila hata kikohozi. Mwombe muuguzi ampime kumeza, na wakati huo umlowanishe midomo kwa pamba, akikuruhusu. Sauti ya kukwaruza ni ya kawaida. Ila ukisikia mlio mkali anapovuta pumzi, ita muuguzi hapo hapo, maana koo linaweza kuwa limevimba. Na ili asiweweseke, mvalishe miwani yake, mtajie siku na mahali alipo, na umkalishe wima kadiri wauguzi wanavyoruhusu.